Fomu ya usajili na mlango wa mahakama: shauri la Mallory dhidi ya reli ya Norfolk Southern

Tarehe 27 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Mallory dhidi ya Kampuni ya Reli ya Norfolk Southern. Kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba jimbo la Pennsylvania halikuvunja Katiba lilipoziwekea kampuni za nje ya jimbo sharti hili: kampuni itakayojisajili ili ifanye biashara humo itahesabiwa kuwa imekubali kuitwa mbele ya mahakama za jimbo kwa dai lolote, hata lile lililozaliwa mbali na mipaka yake. Ninafundisha sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai, na hukumu hii huwa naisoma na wanafunzi wangu aya kwa aya, kwa kuwa inagusa swali linalotangulia mengine yote mahakamani: mdaiwa huyu analetwa mbele ya mahakama hii kwa haki gani? Habari nyingi zilizoandikwa juu yake ziliishia kwenye hesabu ya kura na kuitangaza kuwa ushindi wa wafanyakazi juu ya makampuni. Mimi naona jibu lililotolewa lilikuwa sahihi, ila jambo walilokubaliana majaji wale watano ni dogo kuliko linavyodhaniwa, na sehemu ngumu zaidi ya swali bado haijajibiwa.

Robert Mallory alikuwa fundi wa mabehewa ya mizigo. Aliitumikia Norfolk Southern kwa karibu miaka 20, kwanza Ohio na baadaye Virginia, na kwa maelezo yake kazi hiyo ilimtaka apulizie asbesto kwenye mabomba ya mabehewa, ashike kemikali katika karakana ya rangi, na abomoe sehemu za ndani za mabehewa zenye vitu vinavyosababisha saratani. Alipoacha kazi aliishi Pennsylvania kwa kipindi fulani, kisha akarudi Virginia. Aligunduliwa kuwa na saratani, akaamini kwamba chanzo chake ni kazi ile, na mwaka 2017 akafungua shauri chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1908 inayohusu dhima ya waajiri wa reli. Sheria hiyo ni kongwe na ya pekee, kwa sababu mfanyakazi wa reli inayovuka majimbo hafidiwi kupitia mipango ya kawaida ya fidia za kazini ya majimbo, bali hulazimika kumdai mwajiri wake mahakamani na kuthibitisha uzembe. Humruhusu kuchagua mahakama ya jimbo au ya shirikisho, na akishachagua ya jimbo, kampuni haina ruhusa ya kulihamishia shauri kwenye mahakama ya shirikisho. Ndiyo maana mahali pa kufungulia shauri ni jambo zito kwa pande zote mbili. Mallory alichagua Philadelphia, mji wa Pennsylvania ambao mawakili wa makampuni wamelalamika kwa muda mrefu kwamba raia wanaoketi kuamua mashauri yake hutoa fidia kubwa.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Norfolk Southern ilianzishwa kwa sheria za Virginia, na shauri lilipofunguliwa makao yake makuu yalikuwa Virginia. Mlalamikaji alikuwa mkazi wa Virginia, na madhara aliyoyalalamikia yalitokea Ohio na Virginia. Kwa mtazamo wa kwanza, Pennsylvania haikuwa na nafasi yoyote katika ugomvi huo.

Sheria ya Marekani inagawa mamlaka ya mahakama juu ya mdaiwa katika makundi mawili. Yapo mamlaka mahususi, ambayo hutokana na uhusiano kati ya dai lenyewe na jimbo husika, kwa mfano ajali inapotokea humo au bidhaa mbovu inapouzwa humo. Yapo pia mamlaka ya jumla, ambayo huiwezesha mahakama kusikiliza dai lolote dhidi ya mdaiwa, bila kujali lilipotokea. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani itoe hukumu za Goodyear mwaka 2011 na Daimler mwaka 2014, mamlaka haya ya jumla yamebanwa sana: kampuni hudaiwa kwa jambo lolote pale tu inapohesabiwa kuwa nyumbani, na kwa kawaida nyumbani ni mahali ilipoandikishwa na mahali yalipo makao yake makuu.

Kampuni za reli zilinufaika sana na kubanwa huko. Mwezi Mei 2017 mahakama hiyo hiyo iliamua shauri la kampuni ya reli ya BNSF dhidi ya Tyrrell, lililotoka Montana, nalo lilihusu wafanyakazi wa reli na sheria ile ile ya mwaka 1908. BNSF ilikuwa na zaidi ya maili 2,000 za njia ya reli na wafanyakazi zaidi ya 2,000 katika Montana, lakini Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema hayo hayaifanyi kampuni kuwa nyumbani humo, na kwamba wafanyakazi walioumia nje ya Montana hawawezi kuidai hapo. Wasomaji wengi walisimama kwenye hitimisho hilo wakaona njia imefungwa. Hata hivyo, katika kurasa za mwisho kulikuwa na sentensi fupi iliyosema kwamba hoja ya iwapo BNSF ilikuwa imetoa ridhaa ya kushtakiwa Montana haijaamuliwa, kwa sababu mahakama ya chini haikuigusa. Shauri la Mallory lilipita katika mwanya huo.

Pennsylvania ilikuwa na sheria ambayo haikuwa na mfano wake katika vitabu vya majimbo mengine. Inaitaka kila kampuni ya nje ijisajili kabla ya kufanya biashara humo, jambo linalofanyika karibu kila jimbo, lakini inaendelea na kutamka waziwazi kwamba kusajiliwa huko kunazipa mahakama za Pennsylvania mamlaka ya jumla juu ya kampuni. Georgia ilikuwa imefikia matokeo yanayofanana kupitia hukumu za mahakama zake, ambazo Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilizithibitisha tena mwaka 2021. Pennsylvania ilikuwa imeandika jambo hilo katika sheria iliyotungwa na bunge lake, ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma kabla ya kutia saini. Norfolk Southern ilijaza fomu zake mwaka 1998, ikataja ofisi ya kupokelea nyaraka katika kaunti ya Philadelphia, na kwa miaka iliyofuata ikaendelea kuhuisha taarifa zake kwa msajili.

Mahakama ya mwanzo ya Philadelphia iliikubali hoja ya kampuni, na Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaunga mkono msimamo huo. Majaji wa jimbo walisema kwamba sheria yao wenyewe inakiuka kifungu cha utaratibu wa haki kilichomo katika Marekebisho ya 14 ya Katiba, kinachokataza jimbo kumnyima mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki wa kisheria, kwa kuwa kampuni haiwezi kulazimishwa kusalimisha ulinzi wa Daimler kama bei ya kuruhusiwa kufanya biashara. Mallory akakata rufaa katika Mahakama ya Juu ya Marekani, jijini Washington.

Kiini cha hukumu ya Washington ni shauri la mwaka 1917 ambalo kwa miongo mingi lilitajwa tu pembeni mwa vitabu vya kiada. Mwaka 1909 kampuni ya bima ya Pennsylvania Fire iliwekea bima kiwanda cha kuyeyushia madini karibu na Cripple Creek, Colorado, mali ya kampuni ya Gold Issue iliyoandikishwa Arizona. Haukupita mwaka, radi ikapiga na moto ukakiteketeza kiwanda, na kampuni ya bima ikakataa kulipa. Gold Issue haikwenda Colorado wala Arizona, wala Pennsylvania alikotoka mdaiwa. Ilifungua shauri Missouri. Sababu ni kwamba sheria ya Missouri iliitaka kila kampuni ya bima ya nje imteue ofisa wa jimbo kupokea hati za wito kwa niaba yake, na ikubali kwamba hati zikipokelewa na ofisa huyo zitakuwa halali katika shauri lolote. Pennsylvania Fire ilikuwa imetimiza sharti hilo, na sasa ikadai kwamba uteuzi ule ulihusu mikataba ya Missouri peke yake. Jaji Oliver Wendell Holmes, akiandika kwa niaba ya mahakama nzima bila hata jaji mmoja kupinga, aliona jambo hilo ni jepesi: anayetia saini hati ya kumpa mwingine madaraka hubeba yeye mwenyewe hatari ya jinsi mahakama itakavyoitafsiri.

Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika katika shauri la Mallory, alisema kwamba hukumu hiyo ya 1917 inalimaliza shauri la 2023, na ukiyaweka mashauri hayo mawili sambamba ni vigumu kumpinga. Kampuni ya nje, mlalamikaji wa nje, tukio la nje, sheria ya usajili inayoandamana na ridhaa: yote yamo. Norfolk Southern ilijibu kwamba hukumu ya Holmes ilikufa mwaka 1945, wakati mahakama ilipoamua shauri la International Shoe na kuanzisha kipimo cha mahusiano ya kiwango cha chini kati ya mdaiwa na jimbo yanayotosha kuifanya haki itendeke. Kampuni ile ya viatu ilikuwa imeandikishwa Delaware na makao yake makuu yalikuwa St. Louis, lakini wachuuzi wake walikuwa wakizunguka jimbo la Washington, na jimbo likataka michango ya mfuko wa wasio na ajira. Gorsuch alisisitiza kwamba mahakama ya mwaka 1945 ilishughulikia kampuni ambayo haikuwa imejisajili wala kutoa ridhaa yoyote. Kwa maoni yake, International Shoe ilifungua njia ya ziada ya kumfikia mdaiwa asiyekubali, na haikuziba njia ya zamani ya kumfikia aliyekubali. Aliongeza kwamba Mahakama ya Juu ya Pennsylvania haikuwa na uwezo wa kutangaza kwamba hukumu ya mahakama iliyo juu yake imepitwa na wakati, kwa maana kazi hiyo ni ya mahakama iliyoitoa.

Juu ya kama ni haki kuiita Norfolk Southern Philadelphia, ukweli wa mambo uliisaidia sana hoja ya Gorsuch. Kampuni hiyo iliajiri karibu watu 5,000 Pennsylvania, ilitunza humo zaidi ya maili 2,400 za njia ya reli, yaani karibu kilomita 3,900, na karakana yake ya injini za treni, iliyoenea katika ekari 70, ilikuwa kubwa kuliko nyingine yoyote Amerika Kaskazini. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa na reli nyingi zaidi Pennsylvania kuliko jimbo lingine lolote, na wafanyakazi wengi zaidi humo kuliko Virginia kwenyewe. Mtu binafsi akipita Pennsylvania kwa siku moja na kukabidhiwa hati ya wito akiwa humo, mahakama za jimbo hupata mamlaka juu yake. Kanuni hiyo mahakama iliithibitisha mwaka 1990 katika shauri la Burnham. Gorsuch aliona si sawa kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi katika jimbo ipewe ulinzi mkubwa kuliko msafiri wa siku moja. Hoja hii inanivutia, ingawa lazima niseme wazi kwamba katika sehemu hizi za maandishi yake Gorsuch aliungwa mkono na majaji watatu tu: Clarence Thomas, Sonia Sotomayor na Ketanji Brown Jackson. Jaji Samuel Alito, mwenye kura ya tano, hakuzitia saini.

Mchanganyiko huo wa majaji unastahili kutazamwa na yeyote anayedhani kwamba mahakama ile hugawanyika siku zote kwa mstari wa kihafidhina na wa kiliberali. Upande wa pili, Jaji Amy Coney Barrett aliandika maoni ya kupinga akiwa pamoja na Jaji Mkuu John Roberts, Jaji Elena Kagan na Jaji Brett Kavanaugh. Serikali ya shirikisho nayo ilikuwa imesimama mahakamani kuiunga mkono kampuni.

Maoni ya Barrett si ya kupuuzwa. Anauliza ridhaa hii ni ya namna gani, ikiwa sheria inaitamka kwa niaba ya kampuni na kampuni haina njia ya kufanya biashara halali bila hiyo. Iwapo jimbo linaweza kutunga sheria isemayo kwamba kusajiliwa ni kukubali, basi kila jimbo linaweza kufanya hivyo, na mipaka yote iliyowekwa na Daimler na BNSF itabaki kwenye karatasi tu. Anaongeza kwamba Katiba hailindi kampuni peke yake bali pia majimbo mengine, kwa sababu Pennsylvania inaposikiliza ugomvi wa watu wa Virginia juu ya mambo ya Virginia na Ohio, inachukua kitu ambacho si chake. Kwa fikra zake, hukumu ya 1917 ilikuwa mtoto wa enzi iliyokwisha, enzi ambayo mahakama zililazimika kubuni ridhaa ya kudhaniwa ili kuzifikia kampuni, na International Shoe ilikuja kuondoa haja ya dhana hizo.

Baada ya kuyapima haya yote, mimi nabaki upande wa matokeo ya Gorsuch, na sababu yangu iko karibu zaidi na maandishi mafupi ya Jaji Jackson. Ulinzi dhidi ya kuitwa mbele ya mahakama ya mbali ni haki ya mdaiwa mwenyewe, na haki ya aina hiyo huweza kuachwa na mwenye nayo. Mdaiwa akifika mahakamani na kusahau kupinga mamlaka kwa wakati, ameiacha. Akitia saini mkataba unaotaja mahakama fulani, ameiacha. Akikaidi amri ya kutoa nyaraka zinazohusu mamlaka, anaweza kuhesabiwa kuwa ameiacha, kama ilivyoamuliwa mwaka 1982 katika shauri la kampuni ya bima ya Ireland. Ni vigumu kuelewa kwa nini haki inayopotea kwa uzembe wa wakili isiweze kupotea kwa kampuni kubwa, yenye idara nzima ya wanasheria, kujaza fomu ambayo matokeo yake yameandikwa katika sheria. Shinikizo analolitaja Barrett lipo, lakini hata anayetia saini mkataba na mwenye nguvu hushinikizwa, na sheria haiuiti mkataba huo batili kwa sababu hiyo tu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sehemu ya kwanza ya utaratibu huu si ngeni. Sheria ya Makampuni ya Tanzania, Sura ya 212, huitaka kampuni ya kigeni iliyofungua mahali pa biashara nchini imjulishe Msajili majina ya watu wakaao nchini walioidhinishwa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake, na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 huitaka kampuni ya kigeni iwe na mwakilishi nchini. Sheria hizo huonyesha mlango wa kukabidhia hati. Pennsylvania ilikwenda hatua moja mbele ikataja na upana wa madai yanayoweza kupita katika mlango huo, na ubishi wote wa Mallory ulikuwa juu ya hatua hiyo moja.

Nimesema kwamba walichokubaliana wale watano ni kidogo, na sababu ni Alito. Alikubali kwamba hukumu ya Holmes inatawala, na kwamba kifungu cha utaratibu wa haki hakikukiukwa. Kisha akageukia sehemu nyingine ya Katiba, ile inayolipa Bunge la Marekani mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo, ambayo tangu karne ya 19 imesomwa pia kuwa inayazuia majimbo kuitwisha biashara hiyo mizigo isiyo na sababu. Akasema kwamba ni vigumu kwake kuona jimbo linapata manufaa gani halali kwa kuilazimisha kampuni ya nje ijitetee humo dhidi ya mlalamikaji wa nje, juu ya dai lisilo na uhusiano wowote na jimbo. Akahofia pia kampuni ndogo, ambazo huenda zikaamua kutoingia kabisa katika soko la jimbo lenye sharti kama hili.

Kwa mwanahistoria wa reli, maoni ya Alito yana thamani ya pekee, kwani yanafufua shauri la Davis la mwaka 1923. Minnesota ilikuwa na sheria iliyoruhusu kampuni yoyote ya reli ya nje kushtakiwa humo mradi ina wakala wa kutafuta wateja wa mizigo, na kampuni ya kilimo ya Kansas ikaidai reli ya Santa Fe huko kwa mzigo uliosafirishwa Kansas, ingawa reli hiyo haikuwa na njia yoyote Minnesota. Jaji Louis Brandeis aliitupa sheria ile. Hakuegemea kifungu cha utaratibu wa haki. Alieleza kwamba mashauri ya mbali yanawaondoa kazini wafanyakazi wa reli wanaohitajika kuwa mashahidi, yanaongeza gharama za uchukuzi ambazo mwishowe hulipwa na umma, na kwamba mzigo huo juu ya biashara ya nchi nzima hauna uhalali. Mallory si Davis, kwa sababu reli za Norfolk Southern zimetanda Pennsylvania, lakini mantiki ya Brandeis ingali hai, na kampuni ilikuwa imeitaja hoja hii katika mahakama za chini bila kujibiwa. Ukichukua kura ya Alito na kuiongeza kwa zile nne za Barrett, unaona jinsi sheria ya namna hii inavyoweza kuanguka siku swali la biashara litakapoletwa lenyewe, hasa mdaiwa akiwa kampuni ndogo yenye shughuli kidogo jimboni.

Hukumu haikugusa kama asbesto ilimletea Mallory saratani, wala kama kampuni ilizembea. Ilifuta uamuzi wa mahakama ya Pennsylvania na kulirudisha shauri huko liendelee. Nje ya shauri lenyewe, mabunge ya majimbo yalianza kupima yanaweza kwenda hadi wapi. Bunge la New York lilipitisha muswada unaofanana na sheria ya Pennsylvania, na Desemba 2023 Gavana Kathy Hochul akaukataa, kama alivyoukataa wa mwaka 2021. Illinois ilichukua njia nyembamba zaidi: sheria aliyoitia saini Gavana JB Pritzker mwezi Agosti 2025 inahesabu usajili kuwa ridhaa katika mashauri ya madhara ya vitu vyenye sumu tu, na kwa sharti kwamba angalau mdaiwa mmoja mwingine katika shauri awe na uhusiano wa kawaida na jimbo hilo. Ninavisoma vikwazo hivyo viwili kama jibu kwa Alito, aliyetaka kuonyeshwa jimbo lina maslahi gani katika shauri lenyewe. Iwapo vinatosha, litaamuliwa kwa kifungu cha biashara ambacho hukumu ya Mallory haikukigusa.